Simu Tatu na Amina Moja

Jumatano, tarehe 12 Juni 2024. Asubuhi ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni ukalala juu ya nyumba za Kabondo, mtaa wetu hapa Kisangani, na mabati yalikuwa yakidondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Niliamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaanza Baba Yetu. Nilipofika kwenye kuomba msamaha wa makosa nikakwama. Nikaanza upya, nikakwama palepale. Mara ya tatu mke wangu Katungu akasema kutoka ndani ya shuka kwamba kama nimesahau maneno, yeye anaweza kunikumbusha.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nikimfikiria rafiki yangu Waziri. Jioni hiyo saa kumi na moja, mwalimu wetu madame Germaine angeita majina, na kama Waziri hangekuwapo kuitika, jina lake lingefutwa kwenye orodha ya mtihani. Ndiyo sheria ya darasa letu la jioni: katika mwezi wa mwisho, anayekosa siku mbili zinazofuatana anangoja mwaka mwingine. Jumatatu hakuja. Leo ilikuwa siku ya pili. Na sababu ya kutokuja kwake ilikuwa mimi.

Naitwa Nzanzu, nina miaka hamsini na miwili. Kwa miaka ishirini niliendesha lori la wafanyabiashara wa kwetu kati ya Butembo na Kisangani, kupitia Bafwasende, nami sikujua kusoma hata kibao cha barabarani. Karatasi za mzigo nilisomewa na watu. Mambo ya herufi nilianza nikiwa na miaka arobaini na tisa, magoti yangu hayaingii chini ya dawati.

Banjo, ala yangu ya nyuzi, niliipata kabla ya herufi. Mwaka mmoja nilikuwa nikimpeleka na kumrudisha mtafiti wa popo aliyefanya kazi katika msitu wa Masako. Alitoka kwenye milima fulani ya Marekani, na kazi ikiisha alikaa juu ya sanduku la vifaa vyake akipiga muziki wa wakulima wa kwao, unaoitwa bluegrass. Muziki huo hauna ngoma. Banjo inakimbia juu, gitaa na besi zinakwenda chini kama miguu miwili ya mtu mwenye haraka: besi inakanyaga, gitaa linaitika katika nafasi iliyobaki, besi inakanyaga, gitaa linaitika. Miguu ikipishana vizuri, huwezi kukaa. Alinifundisha miezi mitatu, na alipoondoka aliniachia banjo yake. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule, na bado namshukuru.

Mwaka huu nilitunga wimbo wangu wa kwanza wa kuandika. Unaitwa "Matope ya Bafwasende." Unasimulia lori lililokwama siku kumi na saba, na dereva asiyeweza kusoma barua aliyopewa aipeleke mjini, akaikalia siku zote hizo bila kujua kwamba ilikuwa inamhusu yeye. Madame Germaine alipenda, akasema utapigwa siku ya kufunga masomo, na kabla ya hapo tuurekodi ili kila mwanafunzi abaki nao kwenye simu yake.

Tulikuwa watatu. Mimi kwenye banjo na sauti ya kwanza. Katungu kwenye gitaa na sauti ya juu, kwa kuwa anapiga gitaa katika kwaya ya akina mama parokiani. Na Waziri kwenye besi. Waziri ni seremala, Mwislamu, mtu wa familia za zamani za mji huu. Besi aliitengeneza mwenyewe: sanduku kubwa la mbao linalomfikia kidevuni, na nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli. Utotoni alijifunza kusoma herufi za Kiarabu, lakini hizi zetu hakuzijua, na alikuja darasani kwa jambo moja tu. Binti yake Nyota ameolewa Bunia, anamwandikia baba yake ujumbe kwenye simu, na Waziri alichoka kusomewa na jirani mambo ya mtoto wake.

Studio hatukuwa nayo. Tulikuwa na sebule yangu na simu tatu. Kila mmoja aliweka simu yake kwenye kiti mbele ya chombo chake. Katungu alitundika mablanketi dirishani kwa sababu ya kinu cha mihogo cha jirani. Kisha niliomba, kama ninavyoomba kabla ya kila kazi. Mimi na Waziri tulikubaliana zamani: akiwapo, naomba kwa maneno ambayo sisi sote tunaweza kuyaitikia. Nilimshukuru Mungu kwa mikono na masikio, nikasema amina, nikaanza banjo. Amina ndiyo ilikuwa alama yetu ya kuanza.

Kazi ya kuchanganya sauti niliifanya kwenye simu yangu. Ile programu inaonyesha kila sauti kama mstari wenye vilima: penye kelele pana kilima kirefu, penye kimya ni tambarare. Maneno yake ni ya Kifaransa, na nayapenda, kwa kuwa maneno ya kwanza ya Kifaransa niliyoyasoma bila kusaidiwa yalikuwa "couper" na "annuler", kukata na kutengua. Lakini simu tatu hazikuwashwa kwa wakati mmoja. Ilibidi nisogeze mistari mpaka yote ianze pamoja. Nilitafuta alama, nikaiona: katika kila mstari, kabla ya wimbo, palikuwa na kilima kirefu kimoja. Ilikuwa amina. Nilipanga amina tatu, moja juu ya nyingine, nikafurahi sana. Nilidhani Mungu mwenyewe ametupa kipimo.

Kisha nikaanza kusikilizisha watu. Emérence, anayesuka nywele karibu na soko, alisikiliza mara mbili akiwa na kitana mdomoni, akasema sauti yangu inamfunika Katungu, na pia sote tumesongamana mahali pamoja kama watu kwenye benchi la hospitali. Alisema kweli. Nilipunguza sauti yangu. Kisha nikawatenganisha watu kama tulivyokaa sebuleni: Waziri nikamweka upande wa kushoto peke yake, sisi wawili upande wa kulia. Kwenye maegesho ya toleka, wale waendesha baiskeli za abiria waliniuliza ngoma iko wapi na sebene, ile sehemu ya gitaa la kuchezea, inaanza saa ngapi. Hilo sikuweza kulirekebisha.

Ijumaa iliyopita, tarehe saba, nilipeleka toleo la tatu darasani. Madame Germaine aliliweka kwenye kispika cha shule, kile cha sanduku moja, halafu akaligeuza kuwa zoezi la kuandika. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja ya kumsaidia papa Nzanzu. Asisifu, asikashifu, asaidie. Nilipokea karatasi ishirini na moja. Nikaomba ruhusa ya kuzisoma mbele ya wote.

Nilisoma vizuri siku ile, na hilo ndilo linaloniuma. "Ongeza sauti ya mama." "Banjo iko mukali, inachoma sikio." "Neno la mwisho unalimeza." Sikukwama popote, hata kwenye mwandiko wa papa Nicolas, ambaye herufi zake zinalala kama nyasi zilizokanyagwa. Na karatasi tisa zilisema neno moja: besi inakimbia. Mimi pia nilikuwa nimelisikia jambo hilo nyumbani. Besi ilikuwa inatangulia, inakanyaga palepale gitaa linapotaka kuitika, na wimbo ukaenda kama mtu aliyefungwa miguu. Niliposoma ile ya tisa, nikainua kichwa. Watu walikuwa wananitazama mimi, dereva wa lori, ninayesoma.

"Ndeko yangu Waziri, umesikia?" nikasema. "Batu tisa. Unakimbia sawa mutu anafukuzwa na nyuki. Kama hauwezi kungojea benzako, tutatafuta mwingine."

Darasa lilicheka. Waziri huweka penseli juu ya sikio, darasani na kazini. Aliitoa, akailaza juu ya dawati, akaondoka. Jumamosi alikuja na pusupusu, mkokoteni wa mkono, kuchukua besi yake. Alimsalimu Katungu, akanywa maji aliyopewa, akatandika gunia chini ya sanduku lisikwaruzwe. Mimi aliniambia tu, "Bakia na Mungu, Ya Nzanzu." Ananiita Ya, yaani kaka, kwa sababu namzidi miaka miwili.

Basi Jumatano hiyo, baada ya kushindwa kusali, nilikaa na simu. Nilijiambia kwamba kama nitaweza kuirekebisha besi, nitampelekea wimbo uliopona, na mambo yataisha bila maneno mengi. Niliipunguza besi: ikabaki inakimbia kwa chini. Nikaikata vipande: ikachechemea. Mwishoni nikaizima kabisa. Wimbo ukawa kama lori lililopandishwa juu ya mawe, magurudumu yameondolewa.

Katungu alikuwa uani akikanda unga wa mikate ya kukaanga. Akasema, "Hii haiko wimbo. Iko banjo inajiongelesha yenyewe."

Nilimwambia nafanya majaribio.

"Ijumaa ulimuondosha mutu kwa mudomo," akasema. "Leo unamuondosha kwa simu. Kisha utamuondosha na nini tena?"

Nilitoka nyumbani. Nilikwenda kanisani, nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikaondoka kabla hata sijafanya ishara ya msalaba. Nilikwenda hadi kwenye kona ya karakana ya Waziri, nikasikia nyundo, nikarudi. Nikaenda tena, nyundo ilikuwa bado inagonga, nikarudi tena. Muuza makaa mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ukungu ulikuwa umeondoka na jua la saa nne lilikuwa limekaza. Kwenye ile programu kuna mahali pa kutengua: unagusa, na kosa la dakika iliyopita linaondoka. Kwa maneno ya Ijumaa nilitafuta mahali pa kugusa, sikupaona.

Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji, nikatoa karatasi mfukoni. Nilikuwa nazo tangu Ijumaa. Nilizisoma zote upya, polepole, bila mtu wa kunitazama. Sasa zilikuwa ishirini na mbili, kwa kuwa Jumatatu Timothée alikuwa amenipa ya kwake. Timothée ni mwendesha toleka, mwanafunzi mwenzetu. Ijumaa hakuwapo. Aliupata wimbo kwenye simu yake, akausikiliza barabarani. Karatasi yake ilisema: "Besi iko muzuri. Batu bote wanaenda pamoja."

Jumatatu nilipoisoma niliiweka chini ya nyingine. Nilidhani anataka kumfariji Waziri tu. Tena kila mtu anajua kwamba waya wake wa masikioni una kichwa kimoja kizima, kingine kilikufa zamani. Maoni ya mtu wa sikio moja ningeyaweka wapi? Lakini pale kwenye mfereji nilijiuliza jambo ambalo sikujiuliza Jumatatu. Timothée hasemi uongo. Ijumaa moja alisimama darasani akakiri kwamba zoezi lake liliandikwa na mkewe, hakuna aliyemuuliza. Kwa nini aandike asichosikia?

Nilimkuta kwenye maegesho, ameketi kwenye kiti cha abiria cha baiskeli yake, anakula karanga. Nilimwonyesha karatasi, nikamuuliza kama ni yake.

"Njo yangu, papa. Nimekosa herufi fasi gani?"

"Haukukosa. Umeandika besi iko muzuri. Batu tisa wanasema inakimbia."

"Bon. Hao batu tisa wakuye wasikilize na sikio yangu."

Wenzake walicheka. Mmoja akasema sikio la Timothée husikia abiria anapoita tu, abiria akilalamika linakufa na lenyewe. Timothée hakujali. Alinipa simu yake na waya, akanionya kwamba kichwa cha kulia ni pambo, niweke cha kushoto. Nikakiweka.

Nilisikia besi ya Waziri, karibu, nene. Na nyuma yake, kwa mbali kama kutoka chumba cha pili, nilisikia banjo yangu. Nikasikia gitaa la Katungu. Nikasikia sauti zetu wawili. Na wote walikuwa pamoja. Besi ilikanyaga, gitaa likaitika. Besi ikakanyaga, gitaa likaitika. Nilisikiliza hadi mwisho, nikarudisha, nikasikiliza tena, mara tatu. Mguu wangu ulikuwa unagonga vumbi bila mimi kuutuma.

Ilinichukua muda kuelewa. Upande wa kushoto nilikuwa nimeweka simu ya Waziri peke yake. Lakini simu ile ilikaa sebuleni pamoja nasi, ilisikia besi kwa karibu na sisi wengine kwa mbali. Ndani ya simu ile wimbo mzima ulikuwamo, jinsi ulivyopigwa kweli. Na ndani yake Waziri hakuwa amekimbia hata hatua moja. Kilichokimbia ni mstari wake kwenye simu yangu, na aliyeuweka mstari ule mahali pale ni mimi.

Timothée aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia anipeleke nyumbani haraka. Alinipandisha, akakanyaga baiskeli akiimba "Matope ya Bafwasende" kwa sauti mbaya sana, na kila penye shimo aliongeza mstari wake mwenyewe.

Nyumbani nilifungua programu, nikaunyoosha mstari wa Waziri kwa vidole viwili, nikauvuta mpaka pumzi moja ikawa pana kama kiganja. Nilitazama kile kilima kirefu kabla ya wimbo. Na sasa niliona kwamba mbele yake palikuwa na kilima kingine, kidogo, ambacho sikukiona siku ya kwanza. Nikasikiliza kuanzia hapo.

Kwanza nilijisikia mimi na Katungu, kwa mbali: "Amina." Kisha mlio mdogo wa viganja vinavyopita juu ya uso na ndevu. Kisha sauti ya Waziri, polepole, karibu na simu: "Amiin." Na chini ya neno hilo, kabla halijaisha, banjo yangu ilikuwa imeshaanza.

Niliacha simu juu ya meza. Miaka kumi na mmoja naomba pamoja na mtu huyu: kabla ya safari, kabla ya chakula, kwenye misiba. Namaliza, nasema amina, nafungua macho, nashika kilicho mbele yangu. Yeye anasikiliza dua mpaka mwisho, kisha anapitisha mikono usoni huku akiitikia, ndipo anaishusha. Siku zote amekuwa akiitikia baada yangu. Nilichagua maneno ambayo anaweza kuyaitikia, nikajisifu moyoni kwa uangalifu wangu, na hata mara moja sikungoja kumsikia akiitikia. Siku ya kupanga mistari nilichukua amina yake nikailaza juu ya yetu, kana kwamba watu wote wanamaliza kuomba ninapomaliza mimi. Kwa hiyo nilimvuta mbele nusu ya pumzi. Katika muziki huu nusu ya pumzi inatosha. Besi inaangukia mahali pa gitaa.

Niliupanga mstari wake upya, kilima kidogo chini ya amina yetu. Niliacha kila kitu kingine ambacho watu walinishauri: Katungu juu, banjo chini, neno la mwisho wazi. Nikaacha wimbo uende. Katungu akatoka uani na unga hadi kwenye viwiko, akasimama mlangoni. Ulipofika ubeti wa pili kisigino chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Sasa njo wimbo," akasema. Halafu akaniuliza, "Na nani atamwambia?"

Waziri alikuwa anapiga randa ubao wa kambala, anatengeneza mlango. Safari hii sikuishia kwenye kona. Nilimsalimu, akaitika, hakusimamisha randa. Nilimweleza yote, na nilieleza vibaya, nikianzia katikati, mwishowe nikampa simu. Alisikiliza amina tatu. Kisha akasikiliza wimbo hadi mwisho, randa mkononi, macho kwenye ubao.

"Tangu Ijumaa," akasema, "nagonga misumari huku nahesabu. Moja, mbili. Moja, mbili. Nilitaka kujua kama minakimbia. Hata nyundo sikuiamini tena."

Kumbe nilipogeuka kwenye kona mara mbili, ile ndiyo nyundo niliyoisikia.

Nilimwomba msamaha. Aliondoa maranda kwenye mdomo wa randa kwa kidole, moja moja.

"Mimi nilikusamehe Jumamosi, wakati nilikunywa maji ya mama Katungu. Lakini, Ya Nzanzu, haukusema yale hapa kati ya mbao. Ulisema kule." Akaelekeza randa upande wa shule.

"Basi nitasema kule."

"Bon. Enda useme."

Nilimkumbusha kwamba leo ni siku ya pili, na kwamba majina yanaitwa saa kumi na moja. Alisema anajua. Alisema jina lake ni la W, huitwa mwisho, na mwenye mlango huu anautaka kesho. Hakusema kama atakuja. Nilipofika barabarani nikasikia randa imeanza tena.

Saa kumi na moja kasoro nilikuwa kwenye dawati langu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mto na darasa lilikuwa na joto. Dawati la Waziri lilikuwa tupu, penseli yake bado iko pale. Hakuna aliyeigusa tangu Ijumaa. Nilimwomba madame Germaine anipe nafasi ya kusema. Alijibu kwamba majina kwanza, hotuba baadaye. Akaanza. Nilijaribu kusali tena Baba Yetu katikati ya majina, na safari hii nilipita mahali pale nilipokwama asubuhi, nikaona afadhali nisimame kabla sijafika mwisho.

"Timothée," akaita madame. Timothée akaitika. Kalamu ya madame ikashuka kwenye mstari wa mwisho.

"Madame," nikasema, "naomba, kabla ya jina ile."

Alinitazama juu ya miwani yake. Kisha akaiweka kalamu chini.

Niliwaambia. Niliwaambia kuhusu simu tatu, na vilima, na amina niliyoilaza mahali pasipo pake. Niliwaambia kwamba Ijumaa nilimcheka mtu mbele yao kwa kosa la mikono yangu, na nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nafurahia kusoma huku wakinitazama. Timothée alinyoosha waya wake wa masikioni juu watu wauone, wakacheka kidogo. Nikauweka wimbo kwenye kispika. Safari hii hakuna aliyeandika. Vichwa vilianza kutikisika kuanzia dawati la mbele, na mama mmoja aligonga meza kwa rula mpaka madame akamnyang'anya.

Wimbo ulipoisha, papa Nicolas akainua mkono. Alikuwa mmoja wa wale tisa. Alisema asilaumiwe kwa karatasi yake, ilisema kweli. "Mimi niliandika besi inakimbia," akasema. "Sikuandika Waziri anakimbia. Ile uliandika wewe, papa, na mudomo."

Ndipo nikaona kwamba watu hawanitazami mimi. Wanatazama mlango.

Waziri alikuwa amesimama pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje, maranda ya kambala kwenye nywele zake. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Madame Germaine alichukua kalamu yake.

"Waziri."

"Niko," akasema. Lakini hakuingia. Alibaki na mguu wake nje, ananingoja, na darasa zima likageuka nalo likaningoja, watu ishirini na wawili na mwalimu.

Nilitoka nyuma ya dawati langu, nikasimama mahali palepale niliposoma zile karatasi.

"Mbele ya madame Germaine na mbele yenu bote," nikasema, "mimi Nzanzu naahidi: kuanzia leo, kila nitakapomaliza kuomba, sitagusa uzi wa banjo mpaka Waziri amesema amina yake na ameshusha mikono."